Mkate wa Gome la Msonobari

Pyongyang, 20 Februari 1997

Dada yangu Bok-sil,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji, Un-byol na mdogo wake Sok-chun. Sisi huku hatujambo, kwa uangalizi wa Chama. Mke wangu Sol-hwa anakusalimu, na wazazi wake pia, ambao bado tunakaa nao. Lifti ya jengo letu imegoma tangu vuli, nasi tuko ghorofa ya kumi na nne. Baba mkwe ameapa kwamba hashuki mpaka itengenezwe, kwa hiyo tangu mwaka mpya anatawala dunia kutoka dirishani.

Sasa nikupe habari itakayokufurahisha. Pale kiwandani kwetu, yaani panapotengenezwa vitabu vya shule, nimepewa kazi kubwa: kuandika jiografia mpya ya darasa la nne. Nchi nzima, dada! Milima, mito, mazao, watu na mapito yao. Mkuu wangu alisema, "Ndugu Tak Yong-muk, wewe ni mtoto wa Hamgyong Kaskazini, sura ya mkoa huo ni yako." Nilijikaza nisionyeshe meno.

Lakini ukweli ni kwamba nimeondoka huko zamani, na kibali cha safari hakitolewi kwa ajili ya kwenda kutazama vilima. Wanataka harusi, karamu ya miaka sitini au msiba, tena kwa telegramu yenye muhuri. Kwa hiyo nakuomba unisaidie kwa macho yako. Je, misonobari ya kijiji chetu cha Solbat bado ni mizito kama tulipokuwa watoto? Mashamba ya ngazi mlimani yanatoa nini? Watu wanakula nini cha jadi, ambacho mtoto wa mkoa mwingine hakijui? Na yale ya babu kukatishwa magogo na Wajapani, unayakumbuka vizuri kuliko mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa nasinzia.

Andika kwa marefu. Kitabu kitasomwa na watoto wa nchi nzima, na Un-byol wako mmojawapo.

Mdogo wako,
Yong-muk


Solbat, 6 Aprili 1997

Yong-muk, Kichwa Kikubwa wetu,

Barua yako ilifika jana. Imesafiri kwa zaidi ya mwezi, nadhani ilikuja kwa miguu. Salamu zako nimezipokea, nami namsalimu Sol-hwa na wazee wake. Sisi tupo. Un-byol anaongoza darasani. Sok-chun anahesabu mpaka ishirini, akifika kumi na saba anaruka, anasema hiyo haipendi. Shemeji yako aliondoka Januari kwenda kutafuta chakula upande wa pwani, kwa sababu mgodi umesimama. Hajarudi bado. Barabara ni mbovu.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mama Chae, aliisikia habari ya kitabu akaja mbio. "Kumbe yule Yong-muk aliyekuwa anakojoa kitandani ndiye anaandika nchi?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi mwambie mito asiikosee."

Haya, maswali yako. Milima ipo yote, hakuna aliyeichukua. Mafuriko ya mwaka juzi yaliondoka na mashamba ya ngazi upande wa bondeni na yamebaki mawe. Kule juu mahindi yanatoka, mafupi, yana aibu kama wewe ulipopelekwa shule. Habari za babu ni hivi: alikatishwa magogo majira manne ya baridi, akapoteza vidole viwili vya mguu, na alipoulizwa vilichukuliwa na nani alikuwa anasema, "Na msonobari." Hakupenda kuwataja Wajapani hata kwa kuwatukana.

Kuhusu hiyo misonobari. Pale kwenye kaburi la mama hadi juu kabisa tumeimenya. Unakumbuka mkate wa gome aliotupikia mama kwenye sikukuu ya mwezi wa tano? Gome la ndani, lile laini, unalichemsha na majivu, unalitwanga, unachanganya na unga. Sasa ndio tunaokula, asubuhi na jioni, ila unga ndio haupo. Mgao wa mwisho tuliupata vuli, kabla ya kutia kabichi chumvi. Mti ukishamenywa pande zote haukai sana. Kilima kinaanza kuwa chekundu.

Umesema niandike kwa marefu. Nimeandika.

Dada yako,
Bok-sil


Pyongyang, 25 Mei 1997

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara nyingi. Afya zetu ni njema. Huku miti ya barabarani imechanua na akina mama wanafagia petali kila asubuhi. Sol-hwa alikuwa na mafua, yameisha. Natumai shemeji amesharudi kutoka pwani. Mweleze kwamba nampongeza kwa bidii yake.

Dada, umenisaidia sana! Hasa mkate wa gome la msonobari. Nilipousoma nilisikia ile harufu ya mama akiinua kifuniko cha sufuria. Nimeandika hivi, sikiliza: "Hamgyong Kaskazini ni mkoa wa milima mirefu na watu wachapakazi. Mto Tuman hupita mpakani mwake na bahari ya mashariki huupa samaki. Wakazi wa vijiji vya milimani hupenda mkate wa gome la msonobari, chakula cha jadi chenye harufu nzuri, ambacho hukila kwa furaha pamoja na familia zao."

Mkuu wangu ameisifu sentensi hiyo ya mwisho. Anasema ina pumzi ya maisha. Habari ya mafuriko imebidi niiache, kwa sababu kitabu cha shule hakiandikwi kwa mambo ya kupita. Na vidole vya babu nimevihamishia somo la historia.

Nawatumia watoto ramani ya nchi, ile ya rangi, na penseli mbili. Ningetuma na kitu kingine, lakini vifurushi siku hizi hufika vikiwa vyepesi kuliko vilivyotumwa. Ramani haiibwi.

Tuendelee kuvumilia, nchi nzima inavumilia.

Yong-muk


Solbat, 3 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Sisi tunaendelea. Ramani imefika, na penseli moja. Un-byol ameitundika ukutani, mbali na zile picha mbili za Viongozi ili asije akasemwa. Sok-chun akaitazama weee, akauliza sisi tuko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza mjomba yuko wapi. Nikamwonyesha. Akapima kwa vidole akasema, "Mbona karibu?" Siku hizi analala sana. Miguu yake imevimba, ukibonyeza shimo linabaki. Shemeji yako hajarudi, na mimi nimeacha kuuliza kwa watu wanaotoka pwani.

Nimeisoma hiyo sentensi yako. Nilimsomea mama Chae, akaniomba nirudie mwisho. Halafu akasema, "Kwa furaha?" Akaenda zake. Yong-muk, wewe ulikula mkate ule mara moja kwa mwaka, na unga wa mtama ndani yake, na asali juu. Wengine wanaoula bila unga wanakaa chooni wakilia kama wanaojifungua. Sikutaka kukuandikia hilo, lakini naona usipopigiwa ngoma sikioni husikii. Mwenye shibe, unajua. Wewe ndiye uliyesoma, malizia mwenyewe.

Sasa nina ombi, na ni moja. Niliwahi kusikia kwamba baba mkwe wako anatimiza miaka sitini mwakani, mwezi wa tano. Karamu ya miaka sitini ni sababu tosha ya kibali, hata cha mji mkuu, mradi mwenye nyumba atume telegramu yenye muhuri. Tuma telegramu ya kumwita Un-byol. Mtoto mmoja tu. Itume sasa, ofisi hapa hukawia wanavyotaka. Aje karamuni, na ikiisha karamu, asifanye haraka kurudi. Yeye hali sana. Anajua kufua, anajua kunyamaza. Akiondoka yeye, kitakachopatikana hapa kitatosha kumwinua mdogo wake.

Sijakuomba kitu tangu uende huko na sanduku la mbao la baba. Nakuomba hiki.

Bok-sil


Pyongyang, 19 Septemba 1997

Dada Bok-sil,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Kazi ni nyingi na karatasi hakuna, tunasahihisha nyuma ya karatasi za zamani. Tuko salama. Baba mkwe anakohoa kidogo. Lifti ilifanya kazi siku moja, siku ya wageni, kisha ikarudi kwenye mgomo wake.

Suala lako nimelitafakari kwa makini. Karamu ni ya mwakani, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia. Pia lazima uelewe mazingira yetu. Wageni watakaokuja ni wenzake baba mkwe wa jeshini, watu wa cheo, na mkuu wangu wa kazi. Un-byol ni mtoto mzuri, hilo najua, ila kwa mtoto wa kijijini kuingia ghafla kwenye mkusanyiko wa namna hiyo, na kwa hali aliyo nayo sasa ya kiafya, watu wataanza kuuliza maswali. Wataniuliza mimi. Sol-hwa hana neno, lakini mama yake ni mtu wa kuangalia nguo na kucha. Nisingependa mtoto aone haya.

Na wakati huu kitabu kinapitishwa. Si wakati wa jina langu kuonekana kwenye maombi ya vibali. Kikishachapwa, tutaliangalia upya.

Mpe Sok-chun maji ya wali mara kwa mara, huondoa uvimbe.

Yong-muk


Solbat, 28 Oktoba 1997

Yong-muk,

Barua imefika. Un-byol hajambo. Mimi sijambo. Tumemaliza kuvuna mabua, na kabichi mwaka huu ni chache, chumvi ndiyo haipo kabisa. Nilikwenda kwa mama sikukuu ya mavuno, nikafagia kaburi. Kilima chote sasa ni chekundu. Ukisimama pale unaona hadi mtoni, zamani hatukuwa tunaona.

Ulisema maji ya wali. Nilicheka, na sikuwa nimecheka siku nyingi, kwa hiyo ahsante.

Bok-sil


Pyongyang, 2 Machi 1998

Dada yangu,

Heri ya mwaka, ingawa umeshakomaa. Niliandika Desemba na Januari, sikupata jibu. Labda treni. Sisi hatujambo, ila baridi ilikuwa kali na tulilala na makoti.

Kitabu kimetoka! Nakutumia nakala, ya kwangu mwenyewe, kwa sababu tumepewa chache. Karatasi ni ya kijivu na picha ya Mlima Paektu imetoka kama sufuria iliyopinduliwa kwa wino mbaya, lakini jina langu lipo nyuma, kwa herufi ndogo. Mwezi wa nne shule zikifunguliwa kitafika hata kwenu. Mwambie Un-byol atafute ukurasa wa mkoa wake.

Kuna jambo nataka kukuuliza na kila nikianza naandika kingine. Katika barua yako ya mwisho ulisema Un-byol hajambo na wewe hujambo. Hukumtaja Sok-chun. Nimeirudia barua ile nikitafuta jina lake, nikageuza hata upande wa nyuma. Yuko na baba yake? Niambie.

Telegramu sijasahau. Karamu ni tarehe 24 Mei. Bado naangalia uwezekano.

Yong-muk


Solbat, 12 Aprili 1998

Yong-muk,

Wanaotuzunguka hawajambo, waliobaki. Mama Chae anakusalimu. Kitabu chako kimefika, na vya shule pia, kimoja kwa watoto watano.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwalimu wao, mwalimu Ro, alijua kwamba mwandishi ni mjomba wake Un-byol. Akaona fahari, masikini, akamwita mbele asome yeye ukurasa wa mkoa. Un-byol alisimama vizuri, mikono imenyooka. Akasoma milima mirefu, akasoma watu wachapakazi, akasoma samaki. Akafika kwenye mkate. "Ambacho hukila kwa furaha pamoja na familia zao." Nusu ya madawati hayana watu siku hizi, kwa hiyo sauti yake ilifika hadi nyuma. Kisha mtoto wa fundi seremala akasema kutoka nyuma, "Un-byol, mwambie mjomba wako aje, tumwachie fungu letu!" Wakacheka wote, hicho kicheko chao cha midomo mikavu. Mwalimu Ro ilikuwa amkemee. Akageukia ubao, akasimama hivyo hivyo, hakuandika kitu.

Mwanangu akarudi nyumbani akaniuliza, "Mama, kwani mjomba hajui?" Nikamwambia anajua. Nikaona hiyo ni mbaya sana, nikamwambia hajui. Nikaona hiyo nayo haina heshima, kwa sababu nilikuandikia. Mpaka leo sijaamua ni ipi yenye aibu ndogo.

Anayezifungua barua hizi kabla yako naye na asome. Naye ana watoto.

Kuhusu uliyemuuliza, usiniulize kwa barua. Na telegramu sikuombi tena.

Bok-sil


TELEGRAMU
Pyongyang, 27 Aprili 1998
KARAMU MIAKA SITINI BABA MKWE TAREHE 24 MEI. UN-BYOL AJE. NAMSUBIRI STESHENI MWENYEWE. TAK YONG-MUK.


Pyongyang, 27 Mei 1998

Dada,

Barua hii haipiti posta. Anakuletea mke wa kondakta wa treni, yule yule aliyemleta Un-byol. Kwa hiyo nitaandika kama mtu.

Amefika. Nilisimama stesheni nikitafuta msichana wa miaka kumi na miwili, nikampita mara mbili. Ndiye aliyenishika mkono wa koti. Nilidhani ni mtoto wa miaka saba amepotea. Akasema, "Mjomba, kichwa chako nimekijua." Umemfundisha vibaya.

Tulipanda ngazi polepole. Ghorofa ya tisa akaishiwa pumzi, tukakaa. Nikamuuliza hapo hapo, kabla hatujafika kwa watu, kwa sababu niliogopa kumuuliza mbele yao. Akanieleza kuhusu Sok-chun bila kulia, kama anayejibu swali la mwalimu. Kwamba ilikuwa mwanzoni mwa Septemba. Kwamba amelala karibu na bibi yake, na ramani yangu mmemfunika nayo usoni, kwa sababu aliipenda na hakukuwa na kitambaa. Dada, ile barua yangu ya kuzungumzia kucha na maji ya wali niliiandika yeye akiwa tayari ardhini. Nilipokuwa nachagua maneno ya kukukatalia kwa adabu, wewe ulishamzika. Nilibaki nimekaa kwenye ngazi na majirani wakapita na ndoo zao wakisema habari za jioni, na mimi nikawajibu nzuri.

Sasa karamu. Sol-hwa alimwogesha, akampunguzia gauni lake mwenyewe. Wala hakuona kinyaa, mimi ndiye nilikuwa namsingizia mke wangu muda wote. Wageni walijaa. Meza ilikuwa na wali mweupe, samaki, mayai, keki za mchele zimepangwa kama mnara mbele ya mzee. Un-byol akakaa pembeni, magoti yamekusanywa. Hakugusa kitu mpaka alipoambiwa, na alipoambiwa akala punje kwa punje. Mama mkwe akamtazama kwa huruma yake ile ya kutaka kuonekana, akamuuliza kwa sauti wageni wote wasikie, "Eti mwanangu, huko kwenu milimani mnakula nini?"

Mkuu wangu alikuwa amekaa mbele yangu na kikombe mkononi. Nikasema moyoni, sasa atasema, na anastahili kusema.

Akaweka vijiti vya kulia chini. Akaweka mikono magotini. Akasema, kwa sauti ya darasani, "Wakazi wa vijiji vya milimani hupenda mkate wa gome la msonobari, chakula cha jadi chenye harufu nzuri, ambacho hukila kwa furaha pamoja na familia zao."

Watu wakapiga makofi. Mkuu wangu akapiga meza, "Mnaona! Kitabu kimefika hadi vijijini!" Wakaninywea mimi, dada, kwa afya yangu. Na katika makelele hayo mtoto akaniinamia, akaninong'oneza, "Nimesema sawasawa, mjomba?"

Alikuwa ananisitiri. Ana miaka kumi na miwili, hana mdogo, hana nyama shavuni, na alipoona uso wangu umekuwa mwekundu alidhani nahitaji msaada. Nilikwenda jikoni nikageukia ukuta kama mwalimu wenu. Nimeona aibu, Bok-sil. Nimeiona kwa macho, ina gauni la mke wangu lililopunguzwa.

Hatarudi. Sol-hwa amesema hivyo kabla yangu. Sasa umebaki wewe. Kwa harusi hatuna wa kuoa, na karamu tumeshaitumia. Kwa ugonjwa hawatoi kibali cha mji mkuu. Kimebaki kifo. Nilikaa na Sol-hwa tukijiuliza kifo cha nani, maana mama mkwe nilimwonea haya na baba mkwe ndio kwanza amelishwa keki. Sol-hwa akasema, "Andika kwamba wewe ndiye umekufa. Hutakuwa umedanganya sana." Muhuri nimeupata kwa sigara. Telegramu itaondoka leo.

Ikifika ofisini wakuite, usishtuke. Lia kidogo, chukua kibali, njoo. Naomba Mungu wa mama, kama bado yupo, barua hii iitangulie.

Yong-muk


Solbat, 9 Juni 1998

Marehemu Yong-muk,

Telegramu ilitangulia. Treni ya mke wa kondakta ilikosa umeme Hamhung, ikalala siku nne, na barua yako ikalala nayo.

Waliniita ofisini nikasimama nasomewa kwamba mdogo wangu amefariki, nikakaa chini sakafuni. Ulisema nilie kidogo. Nililia hadi karani akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe, na kibali akakiandika papo hapo, hata hakuuliza. Niliporudi nyumbani nilivaa nyeupe. Mama Chae alikaa nami usiku, akanisimulia jinsi ulivyokuwa unakojoa kitandani, tukalia pamoja. Nilikuita majina yote mazuri. Nilimwambia mama pale kilimani kwamba mwanawe alikuwa mtu mwema, aliyechoka tu. Kitabu chako sikukikumbuka hata mara moja. Maji ya wali sikuyakumbuka. Nilikusamehe yote, nikakuzika.

Jana yule mama akaleta barua. Ukafufuka, na kitabu nacho kikafufuka, na kila kitu.

Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Mama Chae akauliza, "Sasa umefurahi au umekasirika?" Nikamwambia vyote, nitaanza na nitakachokikuta stesheni. Ulipokuwa maiti mambo yalikuwa rahisi kati yetu. Hai ni kazi. Lakini hiyo sehemu ya mwanangu kukuinamia nimeisoma, nikairudia, na hapo ndipo nilipofunga kifurushi.

Sikumfundisha kusema vile. Ujue hilo. Ni la kwake mwenyewe.

Nimemuaga Sok-chun. Naondoka kesho, na barua hii inatangulia na huyu huyu mama. Nakuja na nguo nyeupe ya msiba, kwa sababu ndivyo kibali kinavyosema na njiani watanikagua. Usije stesheni, maiti hawaji stesheni. Mtume Un-byol. Wewe nisubiri hapo ghorofa ya tisa, mlipokaa naye.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, mdogo wangu. Nakuja kukuosha.

Dada yako,
Bok-sil